Hadija wa cheti, Khadija wa pasipoti

SWALI: Wakili, shikamoo. Nimeachika, na sasa nina mchumba raia wa nchi nyingine. Tumepanga kufunga ndoa ya kiserikali kwao. Msajili wa ndoa amerudisha makaratasi yangu: cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, pasipoti inasema Khadija. Talaka yangu nayo ameikataa. Ni barua ya mkono ya mume wangu wa zamani, ina sahihi za mashahidi. Mchumba anasema nimtumie pasipoti yenyewe, atamalizana nao. Kadi za mwaliko zimeshachapishwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kadi mngezisubirisha, lakini hayo yameshapita.

Anza na jina, kwa sababu kila karatasi utakayoomba baadaye italifuata. Herufi moja kwako ni matamshi tu. Kwa msajili ni watu wawili. Njia nyepesi ni kuapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, ukitaja tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi. Ila muulize kwanza msajili wa huko kama anapokea kiapo. Wapo wanaotaka kosa lirekebishwe kwenye daftari la vizazi lenyewe na cheti kitolewe upya. Ukiomba kipya, omba kile kirefu chenye majina ya wazazi. Kifupi hukataliwa mara nyingi.

Sasa talaka. Simaanishi kwamba mumeo wa zamani hakukuacha. Msajili anatafuta uthibitisho wa mamlaka: amri ya mwisho ya mahakama, au cheti cha talaka iliyosajiliwa. Barua ile usiitupe, maana ndiyo ushahidi wako utakapokwenda kuomba usajili au uthibitisho wa mahakama. Mjane angedaiwa cheti cha kifo cha mwenzake. Wewe unadaiwa huo uthibitisho wa talaka. Bila huo hutapata kwa urahisi cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, ambacho mgeni huombwa karibu kila mahali.

Cheti hicho kiache mpaka mwisho, tafadhali. Ofisi nyingi hazikipokei kikishapita miezi 3 au 6 tangu kutolewa. Nimeona watu wakikikimbilia mwanzo kwa furaha, kikaisha muda wakati wanahangaikia talaka.

Hati zikishatimia, zithibitishwe. Ikiwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961 na unatumika kati yao, muhuri mmoja uitwao apostili unatosha. Kama sivyo, hati hupitia wizara ya mambo ya nje ya nchi ilikotolewa, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Tafsiri ifanywe baada ya mihuri, na mfasiri anayetambuliwa na ofisi ile, ili maneno ya mihuri nayo yatafsiriwe. Ukitanguliza tafsiri, huenda ukailipia mara mbili.

Kuhusu kumtumia pasipoti, hapana. Simshuku mchumba wako, simjui. Lakini msajili anataka kuona sura ya mwenye pasipoti na kusikia ridhaa kutoka kinywani mwake, na hilo hakuna wa kukufanyia. Mtumie nakala iliyothibitishwa. Pasipoti yenyewe utaisafiria.