Shusha Leza, Seli Ziishi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba seli hai anazozipiga filamu chini ya hadubini, kwa mwanga wa leza, hunywea na kufa kabla filamu haijafika nusu, na bado msimamizi wake anamsukuma aongeze mwanga ili picha zipendeze. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Nilikuwa nafuatilia protini ya mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nishati, niliyoiunganisha na GFP, ile protini inayong'aa kijani ambayo Osamu Shimomura aliitoa kwenye yavuyavu mwaka 1962, na Martin Chalfie akaonyesha mwaka 1994 kwamba inang'aa hata ndani ya bakteria na minyoo. Picha zangu zilikuwa hafifu, zimejaa chenga. Kwenye kikao mkubwa mmoja aliziita takataka mbele ya wote, kisha akamsifu mwenzangu kwa picha zake kali. Lakini tazama picha zile kwa makini: mitokondria ya mwenzangu ilikuwa imekatikakatika, imebaki viduara vilivyovimba. Yangu ilikuwa nyuzi ndefu, zinagawanyika, zinaungana tena, zinatambaa kuelekea ukingo wa seli. Hakuna aliyeuliza ni seli zipi zilikuwa hai. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi uliopita filamu hizo hizo hafifu zimekubaliwa kuchapishwa. Najivunia, na sitaficha.

Kwa hiyo ndugu yangu, shusha leza. Mwanga wa bluu wa leza, wa nanomita 488, unapoiamsha GFP, sehemu ya nishati huishia kwenye oksijeni, na hapo huzaliwa molekuli kali zinazounguza utando na protini. GFP yenyewe nayo hufifia. Shusha leza mpaka uone kwa shida, urefushe muda wa kamera kupokea mwanga, uache nafasi kati ya picha na picha. Tumia maji ya kukuzia seli yasiyo na fenoli nyekundu, ile rangi inayotiwa humo, maana nayo hung'aa na kukuchafulia giza la nyuma. Nyuzi joto 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5, hayo unayajua. Halafu shusha leza tena.

Tunaoingia kazi hii tumetaka kuona uhai ukitendeka, basi tuuheshimu. Msimamizi akikubana, usibishane naye kwa maneno. Mpeleke kwenye hadubini, umwonyeshe seli za pembeni ya dishi ambazo leza haikuzigusa. Kama hizo zinagawanyika na zako zimesimama, muulize anataka mchapishe zipi.