Jibu: Kwa nini picha za kale za Unguja hazina watu?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Forodhani, ufukwe wa mbele ya Mji Mkongwe, katika picha za kale ni tupu na bahari imelala kama kioo, ilhali wazee wanatusimulia bandari iliyojaa watu na majahazi.

Sababu ya kwanza ni kamera yenyewe. Miaka ya 1860 na 1870 kioo cha picha, yaani kioo kilichopakwa dawa ya kunasa mwanga ndani ya kamera, kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Jumba limetulia, linatoka vizuri. Hamali anayepita anafutika, na mawimbi yanageuka ukungu. Zikuze picha hizo uangalie chini ya kuta: utaona doa la kijivu, pengine miguu bila kiwiliwili. Huyo ni mtu!

Lakini kuanzia miaka ya 1880 vioo vikavu, aina mpya iliyonasa mwanga haraka zaidi, viliweza kumnasa mtu akitembea, na bado mandhari yaleyale yakaendelea kuuzwa. Hapo ni biashara. Studio za Wagoa, watu wenye asili ya Goa huko India, kama ya mpiga picha A. C. Gomes, ziliwauzia abiria wa meli, na abiria alitaka mji kama alivyouona kutoka baharini, mweupe na mtulivu. Ng'ambo, upande wa pili wa mji walikoishi watu wengi wa kawaida, haikuwamo katika sura hiyo. Kadi nyingi za posta zilichapwa Ujerumani, na mara nyingi rangi zilitiwa hukohuko, mbali na bahari yetu.

Na ukitaka kukisia tarehe ya picha kama hizo, tazama Beit el Ajaib, jumba la Sultani lililo hapo Forodhani. Mnara ukisimama peke yake mbele ya jumba, ni kabla ya Agosti 1896, Waingereza walipopiga mizinga na kuuharibu mnara huo. Mnara wa saa ukiwa kwenye jumba lenyewe, ni baadaye.