Barua ya meneja na saini zinazokanwa

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa ndani katika SACCOS ya walimu. Mwanachama mmoja anakana saini kwenye fomu kadhaa za kutolea fedha. Meneja alinipa jalada pamoja na barua inayosema karani fulani aliwahi kuonywa kwa mchezo huohuo. Nimelinganisha saini, na kila nikiangalia nauona mkono wa karani yule. Mwenzangu anadai barua imenitia upofu. Nina uzoefu wa miaka mingi. Kweli barua inaweza kubadilisha ninachokiona kwenye karatasi?

JIBU: Ndugu mkaguzi, inaweza, na uzoefu wako hautakukinga kama unavyodhani. Sisi tunaochunguza nyaraka na alama za vidole tumelijua hilo kwa aibu.

Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid na kuua watu zaidi ya 190. Polisi wa Hispania walipata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu. FBI ya Marekani iliipitisha kwenye kompyuta, ikaletewa majina 20 ya watu wenye alama zinazokaribiana nayo. Mmoja wao alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa Oregon aliyewahi kuwa jeshini. Mchunguzi wa kwanza akasema ni yeye, wengine wawili wakaafiki, na hata mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama akasema vivyo hivyo. Wahispania walikwisha kujibu kwamba alama hazilingani, lakini FBI ikashikilia msimamo wake. Mayfield akakaa kizuizini wiki mbili, hadi Wahispania walipomtaja mwenye kidole: Mualgeria Ouhnane Daoud. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilimlipa Mayfield dola milioni 2.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama habari ya chuki ya dini, kwa kuwa Mayfield ni Mwislamu. Uchunguzi wa ndani wa Wizara ya Sheria ya Marekani ulikuta jambo linalokuhusu wewe zaidi. Walipofikia uamuzi wa kwanza, wachunguzi hawakuijua dini yake. Huenda ilichangia baadaye, walipositasita kulirudia suala. Kosa lenyewe lilianzia pale alama hizo mbili zilipofanana kupita kawaida, wachunguzi wakaanza kusoma kinyumenyume: waliona mstari kwenye alama safi ya Mayfield, wakarudi kuutafuta kwenye ile hafifu ya mfuko, wakauona. Palipotofautiana wakapatafutia sababu. Wale walioafiki nao walikwisha kujua mwenzao amesema nini.

Mtafiti Itiel Dror akalitumia jina la kesi hiyo kwenye jaribio. Aliwapa wataalamu 5 alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walikuwa wamesema zinalingana. Safari hii wakaambiwa ni zile za Mayfield zilizokosewa. Wanne waliacha jibu lao la zamani: watatu wakasema hazilingani, mmoja akasema haiwezekani kuamua. Idadi ni ndogo, lakini karatasi zilikuwa zilezile na macho yaleyale.

Sasa tuje kwenye saini zako. Saini ya mtu haifanani na nyenyewe siku zote. Aliyesaini amesimama dirishani huandika tofauti na aliyeketi. Ukiwa na jina la karani kichwani, mkia mrefu wa herufi ya mwisho unakuwa “mkono wake”, wakati huenda mwanachama naye huuvuta hivyo akiwa na haraka. Kwa hiyo anza na fomu zinazokanwa peke yake. Andika unachokiona: kalamu imeinuliwa wapi, wino umekolea wapi kana kwamba mkono ulisita, mstari unatetemeka au unateleza. Weka tarehe, funga karatasi hiyo. Ndipo ufungue saini halali za mwanachama, nyingi na za nyakati tofauti. Ukibadilisha neno baada ya hapo, usilifute. Andika ulibadilisha nini na kwa nini. Baada ya Mayfield, FBI nayo iliwataka wachunguzi wake waichambue kwanza alama ya eneo la tukio kabla ya kuangalia ya mshukiwa.

Kumtaja karani ni hatua nyingine kabisa, na ngumu zaidi. Anayeiga saini huficha mkono wake mwenyewe, kwa hiyo mara nyingi tunaweza kusema saini ni ya kughushi tusiweze kusema nani kaghushi. Hapo ulipoandika kwamba unauona mkono wake ndipo ninapokutilia shaka zaidi.

Kwa jalada hili umekwisha kuchelewa. Kujikaza usiifikirie barua hakutasaidia. Mpe mkaguzi mwingine asiyeijua habari hii. Mchanganyie saini za karani na za makarani wengine wawili watatu bila majina, na usimwambie ulichoona. Kwenye ripoti taja kwamba uliisoma barua kabla ya kulinganisha. Meneja naye, kwa heshima zote, ajue kwamba onyo la zamani la karani ni kazi ya kamati ya nidhamu. Anayepima wino halihitaji.