Jibu: Shira kurudi kuwa sukari

Dada wa Ngamiani, umeuliza kwa nini shira yako ya kaimati inarudi kuwa sukari chupani, na kama hiyohiyo yafaa kwa juisi.

Mchawi ni punje zilizoganda pembeni mwa sufuria. Koroga kabla haijachemka tu; sukari ikishayeyuka toa mwiko, usiiguse tena. Pembeni pangusa kwa brashi iliyoloa. Kisha kamulia ndimu, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe 2 vya sukari na kikombe kimoja cha maji. Ukali wake huvunja sukari isijikusanye tena. Epua tone likivuta uzi kati ya vidole.

Kwa juisi hiyo ni nzito mno, inazama chini ya glasi ya barafu. Pima kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ichemke kidogo tu, uweke kwenye friji. Ukiona ukungu mwaga.

Ukitaka harufu, iliki 6 zilizopondwa zitie mwanzoni. Ganda la chungwa la Muheza (la juu tu, ule weupe ni mchungu) litie ukishaepua, funika nusu saa, chuja. Ukilichemsha, harufu yote wanafaidi majirani. Maji ya mawaridi yasubiri shira ipoe.