Barua ya mwaliko si viza, na kongamano lisilokuuliza swali si kongamano

SWALI: Shikamoo Dakta. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, niko Kigoma. Tasnifu yangu inahusu dini na uenyeji miongoni mwa wakimbizi wa Kikongo kambini Nyarugusu. Wiki iliyopita nilipata barua pepe ya kunialika Ulaya kwenye kongamano la kimataifa la uhamaji, dini na utambulisho. Nilituma ikisiri (muhtasari wa makala) asubuhi, jioni wakaikubali. Wanataka dola 480 ndani ya saa 72, watanipa barua ya kuombea viza, na makala yangu itachapishwa baada ya siku 10. Mwenyekiti wa kwaya aliyenisaidia sana kambini naye anataka kuja. Wamesema yeye atalipa dola 300 tu kama mshiriki mkimbizi. Nimeshakopa kwenye kikoba. Naomba uniambie njia salama ya kulipa, na unisaidie kuinyoosha ikisiri niliyoambatisha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usilipe. Pesa ya kikoba irudishe kikobani leo, na kabla hujafanya jambo lingine lolote mpigie mwenyekiti wa kwaya umwambie naye asitume hata senti.

Barua kama yako huniletea mtu karibu kila mwezi, na karibu wote huuliza hicho hicho ulichouliza wewe: nilipeje. Hakuna anayeuliza: nani ameisoma kazi yangu? Umetuma asubuhi, jioni imekubaliwa. Katika saa hizo nane ni nani aliyeifungua, akaipima na yaliyokwisha kuandikwa, akakaa na wenzake wakaamua inafaa? Hayupo. Hili la kuamini kwamba kongamano ni tiketi, cheti na mstari kwenye wasifu linanisikitisha kuliko utapeli wenyewe, kwa sababu matapeli wamelikuta tayari mioyoni mwetu na wakaligeuza biashara. Kongamano ni mahali ambapo mtu anayelijua jambo lako kukuzidi anakusikiliza dakika 20, kisha anakuuliza swali unalorudi nalo nyumbani likikusumbua.

Ikisiri yako nimeisoma. Umeandika kwamba "dini huwafariji wakimbizi na kuwapa tumaini." Msomaji wa kweli angekusimamisha papo hapo. Dini ipi? Kanisa lipi, msikiti upi? Nani kakwambia inafariji, na je, hakuna iliyomgawa mtu na jirani yake? Ajabu ni kwamba jambo lenye uzito umelificha kwenye sentensi moja ya mwisho: lile daftari la kwaya lenye safu ya mahali kila mwimbaji alipobatizwa. Daftari kama hilo nimewahi kulishika, limefunikwa kwa gazeti, kurasa zimelainika kwa jasho la vidole. Wazee wameandika Fizi, wameandika Baraka, kwao Kongo. Wanaowafuatia wameandika Lugufu. Vijana wameandika Nyarugusu. Lugufu ilikuwa kambi hapo hapo Kigoma, ikafungwa mwaka 2009 na Wakongo waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Kwa hiyo kuna mtu leo ambaye kwao, kwa kumbukumbu ya kanisa lake, ni kambi isiyokuwepo tena. Hiyo ndiyo tasnifu yako. Anza na daftari, ile sentensi ya kufariji ifute.

Ukishafanya hivyo utaona una watu wa kuzungumza nao. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 kati ya Wahutu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wengine wakiwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo na wengine mjini Kigoma, huko huko uliko wewe. Kule Mishamo watu walijisimulia kama taifa lililo uhamishoni. Wengi wa mjini walijichanganya, wakabeba utambulisho kadiri maisha yalivyowataka. Mtafiti Marc Sommers naye aliwafuata vijana wa Kirundi waliokuwa wakijificha Dar es Salaam wakishona nguo, na akaonyesha jinsi kanisa la Kipentekoste lilivyowaunganisha na kazi. Wala usiliache jambo la mwaka 2014, Warundi wapatao 162,000 wa kundi lile la 1972 walipoanza kupewa hati za uraia wa Tanzania. Karatasi ya serikali na daftari la kwaya vyote viwili vinamwambia mtu kwao ni wapi, na mara nyingi havisemi mamoja. Huo ni mjadala, na mwenye kuujua atakuuliza maswali.

Sasa hao waliokualika. Ada peke yake si ushahidi wa utapeli, maana makongamano ya kweli nayo hutoza, na mengi hupunguza kwa wanafunzi. Angalia haraka yao ya kudai pesa na kasi ya uamuzi wao. Angalia kama kampuni hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo, kwenye hoteli hiyo hiyo, ina kongamano la meno na lingine la mafuta na gesi. Halafu chagua jina moja kwenye orodha ya kamati, itafute anwani yake kwenye tovuti ya chuo chake (usitumie waliyokupa wao), umwandikie. Mimi nilimwandikia profesa mmoja aliyetajwa kuwa mwenyekiti wa kamati. Alijibu kwamba hajawahi kusikia habari zake. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada, Marekani, iliiamuru kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50, na miongoni mwa makosa yalikuwa haya: kutangaza wataalamu mashuhuri kwenye makongamano bila ridhaa yao, kudai makala zinapitiwa na wataalamu wakati hazipitiwi, na kuficha ada mpaka mtu awe ameshanasa.

Na hizo siku 10 za kuchapisha zinatisha kuliko dola 480. Jarida la kweli huchukua miezi, pengine mwaka, na makala hurudi imejaa maswali. Likishachapisha jarida la bandia, kazi yako imekwisha: hakuna jarida la heshima litakalopokea kitu kilichokwisha kuchapishwa kwingine, na ukiomba waiondoe wanakudai ada ya kuondoa. Nimemsimamia binti mmoja aliyepotelewa hivyo na kazi ya miaka miwili. Mahojiano 40, akina mama waliokaa naye usiku wakimsimulia mambo wasiyowasimulia hata watoto wao, vyote vimefungiwa kwenye tovuti ambayo siku hizi haifunguki.

Hapo ndipo naomba wengine wanaosoma wasikilize pia, hasa ninyi mnaofanya kazi na wakimbizi. Hiyo bei ya "mshiriki mkimbizi" si huruma. Vishoka hawa wamejua kwamba kambini kuna watu waliosubiri miaka 20 na zaidi, na kwamba neno "mwaliko" linalotoka Ulaya linaweza kumfanya baba auze mabati ya nyumba. Barua ya mwaliko si viza. Ubalozi huisoma kama karatasi moja kati ya nyingi. Mkimbizi anahitaji kwanza hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile inayotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na kwa sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 anahitaji kibali hata cha kutoka nje ya kambi. Ukimpeleka Dar es Salaam kwa mahojiano ya viza bila kibali, anayekamatwa njiani ni yeye. Na yeyote anayewaambia wakimbizi kwamba kuna malipo ya kuharakisha safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu ni mwizi. Huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hazilipiwi, zote, tangu fomu ya kwanza mpaka ndege.

Tena jiangalie wewe mwenyewe, mdogo wangu. Ikisiri ya makala uliyotaka ichapishwe baada ya siku 10 ina jina kamili la mwenyekiti, jina la kwaya na kijiji alichokimbia. Watu aliowakimbia wanaweza kuwa bado wapo, na intaneti wanayo. Kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na cha Wizara ya Mambo ya Ndani vinakufungulia geti la kambi; havikupi ruhusa ya kumwanika mtu.

Pa kwenda papo. Anza na Forced Migration Review, jarida la Kituo cha Masomo ya Wakimbizi cha Chuo Kikuu cha Oxford, kile alichokianzisha Barbara Harrell-Bond mwaka 1982. Inasomwa bure, na mada kuu ya toleo la 48 la mwaka 2014 ni imani na watu waliohamishwa makwao. Majarida ya Afrika yatafute kupitia AJOL, tovuti inayoyakusanya, na ukitaka kujua kama jarida la bure ni la kweli, angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya bure yaliyohakikiwa. Kisha fuatilia wito wa makala wa chama cha kimataifa cha watafiti wa uhamaji wa kulazimishwa, IASFM. Kongamano lao la 2011 lilifanyika Kampala. Watu wa Kigoma hawakuhitaji viza ya Ulaya kulihudhuria.

Kabla ya hayo yote, omba saa moja kwenye idara yenu, mbele ya wenzako na msimamizi wako, usome kurasa tano kuhusu lile daftari. Mwombe mwenyekiti wa kwaya ruhusa kwanza, umweleze nani atasikia na nini kitaandikwa, na akikataa usilitumie. Akikubali, niandikie ikisiri mpya bila jina lake.