Mnaotaka kulinda chanzo cha mto, anzeni na muhtasari kabla ya doria

Juma hili umeingia ujumbe kutoka kwa kijana anayeishi Uluguru, upande wa milima unaomwaga maji yake Mto Ruvu. Wameunda kikundi, wana filimbi, wana makoti ya mvua, na moyo wanao. Wamemkamata mtu na mbao za mbili kwa sita, wakamfikisha ofisi ya kijiji, na kesho yake kaachiwa pamoja na mbao zake. Anauliza wanunue vifaa gani ili doria iwe na nguvu.

Wasinunue kitu. Nawajibu hapa hadharani kwa sababu swali hili linakuja kila kiangazi, na kila mara wanaouliza wameanzia mwisho. Doria ndiyo inayopendeza kwenye picha, kwa hiyo ndiyo inayofadhiliwa kwanza. Kazi inayomfunga mkataji inafanyika kwenye benchi la ofisi ya mtendaji, na haina sare.

Jambo la kwanza ni kujua msitu ni wa nani. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ina hekta 24,115, ilitangazwa 2008 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ndani ya mpaka ule kijiji hakiwezi kutunga sheria zake peke yake. Kinachowezekana ni usimamizi wa pamoja, kwa mkataba ulioandikwa na kusainiwa na pande zote mbili. Nje ya mpaka, kwenye ardhi ya kijiji, ndipo Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inawapa wanakijiji nafasi ya kutenga msitu wao wenyewe, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Hizi ni njia mbili, na karatasi zake hazifanani. Vikundi vingi vinakamata mtu upande wa serikali kwa sheria ndogo ya kijiji, au upande wa kijiji bila sheria yoyote, halafu vinashangaa kesi haisimami. Kabla hamjamgusa mtu, tembeeni mpaka wote na ofisa misitu wa wilaya na wazee wa koo zinazopakana nao, mtafute vigingi vya zege, msafishe mkuza, yaani njia iliyofyekwa kwenye mpaka, na kila kona mchukue alama ya mahali kwa simu. Kwa Waluguru ardhi inapita upande wa mama. Ukimwita mume peke yake kuja kuonyesha mpaka wa shamba la ukoo wa mke, umeweka mgogoro ardhini pamoja na kigingi.

Sasa muhtasari, yaani kumbukumbu za mkutano zilizoandikwa, na hapa nitakaa kidogo. Kutenga msitu ni uamuzi wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hupendekeza na kusimamia, lakini haiwezi kukaa badala ya mkutano. Na ule muhtasari wa mkutano ndio silaha yenu. Ndio silaha ya wakataji pia. Mvunaji anayeomba kibali kwenye ardhi ya kijiji hutakiwa kuonyesha kwamba kijiji kimeridhia, na karatasi ya kuridhia inatengenezeka.

Inatengenezwa hivi. Mnafanya mkutano wa shule au zahanati, watu wanasaini mahudhurio kwenye karatasi isiyo na kichwa, yenye namba, jina na saini tu. Miezi mitatu baadaye karatasi ileile imebanwa nyuma ya uamuzi mwingine kabisa, unaosema kijiji kimekubali magogo ya mkangazi yavunwe kwenye bonde fulani. Saini ni zenu na muhuri ni wenu. Nani atabisha?

Dawa yake haigharimu chochote. Kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe juu tarehe, mahali na ajenda kabla mtu wa kwanza hajasaini. Kurasa zihesabiwe: 1 kati ya 6, 2 kati ya 6. Mistari iliyobaki wazi chini ya jina la mwisho ipigwe mstari wa mshazari. Uamuzi uandikwe kwa maneno kamili, na mipaka itajwe kwa majina ya mito, miamba na mashamba, si "eneo la msitu" tu. Usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Kisha watu watatu wasio ndugu wapige picha kila ukurasa palepale, na nakala ziende kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata na kwenye kamati ya maliasili. Msikubali msitu uingizwe kwenye "mengineyo". Jambo lisilotajwa kwenye tangazo la mkutano ni rahisi kupingwa baadaye, na atakayelipinga atakuwa na wakili.

Baada ya hapo njia ni ndefu lakini inajulikana: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kamati ya maliasili inayochaguliwa na mkutano, ramani na hesabu ya miti, mpango wa usimamizi, sheria ndogo. Sheria ndogo hupita mkutano mkuu, hupelekwa kata, na mwisho huidhinishwa na baraza la madiwani la wilaya. Hapo ndipo inapolala. Inaweza kukaa kwenye kabati la halmashauri mwaka mzima kwa kukosa kiambatisho kimoja. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuifuatilia, aende kila kikao cha baraza kinapokaribia, na aombe ionyeshwe kwenye ajenda. Ikiwa haijaidhinishwa, faini mnayotoza haina miguu, na mliyemkamata ana haki ya kuwashtaki nyinyi. Kwa maelezo aliyonipa kijana, nadhani ndicho kilichowapata. Faini isiyo na stakabadhi halali, hata ya shilingi elfu tano, inatosha kuigeuza kamati nzima kuwa genge machoni pa hakimu.

Mkishakuwa na karatasi, nendeni porini, na mkifika angalieni visiki. Mti uliokatwa kwa kibali hugongwa nyundo: alama ya chuma yenye herufi hubaki kwenye gogo na kwenye kisiki. Kisiki kisicho na nyundo ni ushahidi, lakini ushahidi unaooza. Uandikeni siku hiyohiyo: tarehe, alama ya mahali, aina ya mti, upana wa kisiki kwa sentimita, urefu wake kutoka ardhini, kama utomvu bado mbichi. Picha mbili, ya karibu yenye rula au kalamu juu ya kisiki na ya mbali inayoonyesha mlima au mwamba unaotambulika. Angalieni pia kama uso wa kisiki umekatwa kwa msumeno wa injini au wa mkono. Tofauti hiyo inawaambia kama mnamtafuta jirani mwenye shida au mtu mwenye mtaji na gari. Maranda yaliyolundikana mahali pamoja yanaonyesha gogo lilipasuliwa hapohapo, na ukiyapima kwa macho unajua mbao zimeondoka nyingi au chache.

Doria ziende watu wasiopungua wanne, siku zisizo na mpangilio, na njia itajwe asubuhi mnapoanza kutembea. Njia ikitajwa jana yake, simu inapigwa. Mara nyingi anayepiga ni mjumbe mwenyewe, kwa ndugu yake, na mtajua kwa sababu mtakuta moto bado una makaa na watu hawapo. Mkiusikia msumeno usiku msiuendee. Rekodini saa na upande, mwiteni ofisa misitu na polisi, na muwahi njiani, kwa kuwa mbao lazima zifike barabarani. Kunyang'anya vifaa si kazi ya kamati pasipo ofisa mwenye mamlaka. Vifaa vikichukuliwa viandikwe kwenye hati, mashahidi wawili wasaini, na mwenyewe apewe nakala.

Kando ya mto sheria iko wazi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuupima mstari huo ni kamba ya mita 60 na vijiti. Ugumu ni bustani zilizomo humo, ambazo mara nyingi ndizo ada za shule za watoto. Mkiwafukuza wote siku moja, usiku watarudi na panga hasira zikiwa zimeongezeka. Wapeni msimu mmoja wa kuvuna kilichopo, wapewe kwanza maji ya bomba au mfereji nje ya mstari, halafu miti ipandwe wao wenyewe wakiwepo.

Mikaratusi isipandwe pale, hata kama mradi umeleta bure. Inakunywa sana. Mkuyu hushika kwa kipande cha tawi. Mzambarau mwitu unafaa mno ukingoni, ila mbegu yake haihifadhiki, ikikauka imekufa, kwa hiyo okoteni tunda lililoiva na msie ndani ya siku chache. Udongo wa viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche: debe tatu za udongo wa juu wa msituni, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Mwezi wa mwisho punguzeni maji na mnyanyue viriba ili mizizi iliyotoboa ikatike, miche ikomae. Pandeni mvua ikiwa imelowesha ardhi kina cha futi moja, si siku ambayo mgeni rasmi ana nafasi. Na kiriba kichanwe! Miche mingi ya sherehe ukiing'oa baada ya mwaka utaikuta bado imevaa plastiki.

Lakini udongo mwingi unaoingia Ruvu hautoki ukingoni. Unatoka mashambani juu. Tarehe 23 Februari 1970 kule Mgeta, hukohuko Uluguru, ilinyesha mvua ya karibu milimita 100 ndani ya saa tatu, ardhi ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Mengi ya maporomoko hayo yalianzia mashambani na kwenye majani, machache mno yalianzia penye miti. Kwa hiyo mkulima wa mteremkoni ni mlinzi wenu wa kwanza, na hapa historia inadai adabu. Wakoloni walilazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi Uluguru miaka ya 1950, kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba, na kuchimba kukaleta juu udongo mbichi usio na rutuba. Watu walichoka kufanyishwa kazi isiyoleta chakula. Zikatokea ghasia za Matombo 1955 na mpango ukafa. Ukienda leo na sauti ya amri, wajukuu wanakusikia kama bwana shauri, yule ofisa wa kikoloni wa wilaya.

Nendeni na fremu ya A badala yake. Fito mbili za mita mbili zifungwe juu pamoja, miguu itanuliwe, ufito wa tatu ukatize katikati, na kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Simamisha miguu kwenye vijiti viwili, weka alama kamba inapogusa ufito wa katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Wengi huruka hatua ya kugeuza, mstari wao unateremka kidogokidogo, na mvua ya kwanza inaugeuza kuwa mfereji unaochimba korongo. Upepo nao unayumbisha jiwe, kwa hiyo pimeni asubuhi.

Kwenye udongo wenye kina, mstari huo unaweza kuwa fanya juu, waliyoizoea sana wenzetu wa Machakos, Kenya: mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo urushwe upande wa juu, na uachwe ukanda wa sentimita 20 hivi kati ya tuta na mtaro ili udongo usirudi ndani. Juu ya tuta pandeni majani ya mabingobingo palepale, maana tuta tupu halimalizi masika. Mteremko wa asilimia 30 unataka matuta kila mita tano hivi, na mtu akiona yanakula shamba, mwonyesheni lishe ya mbuzi itakayotoka kwenye tuta. Penye udongo mwembamba juu ya mwamba msichimbe kabisa. Mtaro unaotuama maji hapo ni mwanzo wa poromoko. Mistari ya majani na mawe inatosha.

Pimeni na maji, vinginevyo mtabaki kubishana na watu wenye hotuba. Tafuteni sehemu iliyonyooka ya kijito, mita 10, isiyo na dimbwi. Pimeni upana na kina sehemu tano, mpate wastani. Tupeni chungwa juu ya mstari wa kwanza na mhesabu sekunde hadi lifike wa pili, mrudie mara tano. Chungwa ni zuri kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Upana mita 3, kina sentimita 40, sekunde 20: eneo 1.2 mara kasi 0.5 mara 0.85, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Ni lita 510 kwa sekunde. Fanyeni hivyo mahali palepale tarehe ileile kila mwezi, na mwandike kama mvua imenyesha ndani ya siku mbili zilizopita.

Daftari hilo ndilo la kupeleka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi zake ziko Morogoro, mnapoomba kusajili jumuiya ya watumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mwishoni mwa 2022 Dar es Salaam ilipokuwa ikipata maji kwa mgao kwa sababu Ruvu imeshuka, kila mtu alikumbuka milima, na mvua iliporudi wakasahau. Kibungo Juu, hukohuko Uluguru, palishafanyika mradi wa mashirika ya CARE na WWF ambapo walioko chini, DAWASCO iliyokuwa ikiuza maji Dar es Salaam na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza, walichangia kuwalipa wakulima wanaohifadhi udongo huko juu. Kwa hiyo hoja ya kulipwa si ndoto, ila mlipaji atauliza vipimo, na "tunatunza mazingira" si kipimo.

Mkipata fedha, akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja awe mwanamke asiye na undugu na mwenyekiti, na mapato na matumizi yabandikwe mlangoni pa ofisi ya kijiji kila robo mwaka, kwa mwandiko mkubwa. Posho za vikao zisizidi posho za doria. Zikizidi, baada ya mwaka mtakuwa na vikao tu.