Mpasuaji anaposema "ni komplikesheni"

SWALI: Hujambo daktari. Mama yangu alitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa kamera katika hospitali moja hapa Nairobi. Kesho yake tukarudi naye nyumbani Buruburu. Siku ya tano tumbo likajaa, macho yakawa ya manjano. Akalazwa tena na kupasuliwa mara ya pili. Aliyetueleza ni daktari kijana wa zamu, tumesimama kwenye korido: "Ni komplikesheni, huwa inatokea." Mpasuaji mwenyewe hatujamwona. Kitaalamu, komplikesheni na kosa hutengana wapi? Na je, mna utaratibu wowote wa kutueleza mambo kama haya?

JIBU: Pole sana dada, na umpe mama pole zangu. Niruhusu nianze na nyongo yenyewe, maana bila hiyo jibu langu litakuchezea kama danganya toto.

Mfuko wa nyongo una mrija wake mdogo, nao huingia kwenye mrija mkuu utokao kwenye ini kuelekea utumboni. Mpasuaji anatakiwa afunge na kukata ule mdogo tu. Lakini maambukizi ya muda mrefu yakishaacha makovu, mirija hiyo hushikana na kulala sambamba, na kwenye skrini ule mkuu huonekana kama ndio mdogo. Anayekata wakati huo hukata bila wasiwasi wowote. Jeraha hili huwapata takriban wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000 wanaofanyiwa upasuaji huu kwa kamera, hata kwenye nchi zisizokosa kifaa. Mara nyingi halionekani palepale. Nyongo huvujia tumboni au hukosa pa kupitia, na siku chache baadaye yanatokea hayo uliyoyaona. Macho ya manjano yanaweza pia kuletwa na kijiwe kilichosalia ndani ya mrija mkuu, na tumbo kujaa kukaletwa na klipu (kibanio cha kufungia mrija) iliyoachia. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa mpasuaji ni: mlikuta nini hasa mara ya pili?

Komplikesheni ni dhara linaloweza kumfuata mgonjwa hata aliyepasuliwa kwa uangalifu wote. Kosa ni pale ambapo kilichopaswa kufanywa hakikufanywa, au kilifanywa ovyo. Jeraha lilelile moja linaweza kuwa hili au lile, na kuandikwa kwake kwenye fomu ya idhini aliyotia sahihi mama hakumwoshi mtu. Tangu 1995 wapasuaji tunafundishwa kwamba, kabla ya kukata chochote, eneo lisafishwe mpaka ionekane wazi kuwa ni vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, mrija na mshipa wa damu, na sehemu ya chini ya mfuko iwe imebanduliwa kutoka kwenye ini. Hilo likishindikana, kuna kumwita mwenzako, kuna kufungua tumbo, kuna kuacha kipande cha mfuko mahali pake. Aliyekata bila kuona hivyo na bila kujaribu njia nyingine ana la kujibu. Hata mahakama zetu huuliza jambo la namna hiyo: je, alifanya ambavyo madaktari wenye ujuzi kama wake wangekubali kuwa ni sawa?

Ila kuna swali ambalo familia husahau. Siku ya tatu mama alilalamika? Mlipiga simu hospitali mkaambiwa mpeni dawa ya maumivu? Kwa maoni yangu tunastahili kulaumiwa zaidi kwa siku zinazofuata kuliko kwa mkato wenyewe, kwa sababu nyongo inayovuja ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi kuliko iliyoachwa ikaharibu tumbo zima.

Sasa utaratibu. Upo, na mlichofanyiwa koridoni si wenyewe. Anayeeleza ni mpasuaji aliyeshika kisu, mara tu tatizo linapojulikana na mgonjwa anaweza kusikiliza. Anaketi, simu imezimwa. Anasema kilichotokea kwa maneno ya kawaida, anasema kisichojulikana bado bila kubahatisha, anaomba msamaha kwa jambo lenyewe, anaeleza matibabu yanayofuata, na anataja siku ya kurudi na majibu ya uchunguzi. Kesho yake anarudia, maana aliyetoka kwenye dawa ya usingizi husahau nusu. Na anayeambiwa kwanza ni mama, kama akili yake iko sawa. Najua desturi yetu: wana hunivuta kando wakinong'ona, "Daktari, usimwambie, atashtuka." Mara nyingi mgonjwa mwenyewe ameshajua kuna jambo, anangoja tu kuona nani atakuwa na ujasiri.

Mbona basi tunakwepa? Tunaogopa Baraza la Madaktari, tunaogopa mawakili, na mikataba mingi ya bima inatukataza kukiri lawama kabla ya kuijulisha kampuni. Lakini kueleza ukweli na kukiri lawama kisheria ni vitu viwili. Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani kilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi na kuwalipa inapostahili. Madai mapya yakashuka kutoka 7.03 hadi 4.52 kwa mwezi kwa kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa. Uingereza nayo ilifanya kueleza kuwa sharti la kisheria kwa hospitali zake za umma mwaka 2014.

Hapa kwetu, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma amjulishe mgonjwa hali ya afya yake, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinawafikia hata wenye hospitali za kibinafsi endapo taarifa inahitajika kulinda haki. Kwa hiyo mama, au wewe kwa idhini yake, aandike barua kuomba mkutano na mpasuaji pamoja na nakala ya faili: maelezo ya upasuaji wa kwanza na wa pili, fomu ya idhini, kumbukumbu za wauguzi, na video ya kamera kama ilihifadhiwa. Mkikutana, ulizeni pia nani analipia kulazwa kwa pili, kabla bili haijapelekwa SHA (bima ya afya ya umma) au mfukoni mwenu. Faili hiyo mpelekeeni mpasuaji mwingine aliyebobea katika ini na nyongo, kwanza kwa ajili ya matibabu, maana mrija ulioungwa unaweza kuziba baada ya miezi au hata miaka.

Mkinyimwa, Baraza hupokea malalamiko ya maandishi, na hamlazimiki kuwa na wakili. Mkifikiria mahakama, msikawie: kesi ya uzembe kwa kawaida ina miaka 3, na dhidi ya serikali miezi 12 tu.